Pikapu ya dizeli ya mkono wa pili kwa kazi za Malindi: Hilux, D-Max, Nissan, L200 au Land Cruiser?

Anayetafuta pikapu Malindi huanza na swali la kampuni: Toyota au Isuzu? Ni swali la haki, ila si la kwanza. Huku pwani pikapu nyingi hazifi kwa injini. Utakuta injini bado inawaka kwa stata moja, na huku chesisi imeliwa na kutu hadi bisibisi inapenya. Injini hushushwa na kubadilishwa kwa siku mbili tatu. Chesisi iliyooza haina dawa ya maana. Kwa hiyo hapa tutaanza na chesisi, tuje kwenye mfumo wa dizeli, kisha ndipo tulinganishe majina.

Chumvi

Gari lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, Marereni au Kurawa limekula vumbi la chumvi kila siku. Lililobeba samaki kutoka Ngomeni limedondokewa na maji ya barafu kupitia mianya ya bodi, na maji hayo hutua juu ya chesisi pale pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Lililokuwa likivuta boti limeingizwa magurudumu ya nyuma baharini, na maji ya bahari yameingia hadi ndani ya ngoma za breki. Hata lililolala mjini tu, karibu na ufuo, hupigwa na upepo wa bahari wakati wote wa kusi.

Wengine hukimbilia gari lililoteremshwa bandarini Mombasa juzi wakidhani limeepukana na hayo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini gari la miaka saba kutoka Uingereza limepitia baridi saba za barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Likague vile vile.

Chesisi ya pikapu ni boksi la chuma lenye uwazi ndani. Matope yenye chumvi huingia kwa matundu ya kiwandani, hutulia chini na hayakauki. Kutu huanzia ndani ikija nje, kwa hiyo ukiiona nje ujue ndani imeshafanya kazi kubwa. Lala chini ya gari na tochi, bisibisi bapa na nyundo ndogo. Gonga kila baada ya shubiri moja, kuanzia nyuma ya kabini hadi bampa ya nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama debe lililojaa mchanga. Palipo na sauti hiyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikipenya, ondoka.

Usiache sehemu hizi: upinde ulio juu ya ekseli ya nyuma, mashikio ya springi za nyuma mbele na nyuma yake, vikalio vya kabini, na boriti ya kukingama iliyo juu ya tangi la dizeli. Hiyo ya mwisho haionekani kwa urahisi, na ndiyo maana huachwa ikaoza. Rangi nyeusi ya lami iliyopakwa upya chini ya gari kuukuu isikufurahishe. Kwangua kidogo uone kilichofunikwa. Kiraka cha kuchomelea kwenye mkono mdogo wa kushikia kabini kinavumilika. Kiraka kwenye boriti kuu za chesisi hakivumiliki, hata muuzaji apunguze bei namna gani, kwa sababu chuma kilicho kando ya kiraka ndicho kitakachopasuka baadaye ukiwa na mzigo.

Pampu ya kawaida au komoni reli

Baada ya chesisi, uamuzi mkubwa ni huu. Injini za zamani kama 3L na 5L za Toyota, TD27 ya Nissan, 4JA1 ya Isuzu na 1HZ ya Land Cruiser zina pampu ya dizeli ya kawaida na nozeli zinazofunguka kwa presha ya baa mia na kitu. Nozeli zinapimwa na kurekebishwa na fundi wa pampu, na injini inaweza kuzunguka hata betri ikifa baada ya kuwaka. Injini za komoni reli, kama 2KD na 1KD za Toyota, 4JK1 na 4JJ1 za Isuzu na YD25 ya Navara, husukuma dizeli kwa zaidi ya baa 1,300 kupitia injekta zinazofunguliwa na kompyuta. Zina nguvu zaidi, zinakula dizeli kidogo zaidi, hazipigi kelele sana. Lakini uwazi ndani ya pampu na injekta zake ni mdogo mno, na tone la maji au punje ya uchafu ambayo 5L ingeitema na moshi, huku inaua injekta.

Hapa ndipo mahali unapojazia dizeli panapoamua. Ukichanganya dizeli na mafuta ya taa, ulainishaji unapungua, na pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Mchezo huo ulienea hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. Kituo kinachouza sana mjini au kwenye barabara kuu si hatari kubwa. Dizeli ya mapipa na mitungi huko ndani ndiyo hatari, kwa sababu pipa likikaa usiku na mchana hutoa jasho ndani na maji hutulia chini. Kama kazi yako itakulazimu kununua dizeli ya pipa mara kwa mara, chukua pampu ya kawaida na usitamani nyingine. Kama unajaza Malindi mjini na kurudi, komoni reli inakufaa.

Toyota Hilux

Hilux si gari moja. Kuna za kabla ya 2005 zenye 3L (lita 2.8) na 5L (lita 3.0), zisizo na turbo. Ni nzito wa mwendo. Ukiwa na mzigo kwenye barabara ya Mombasa utapitwa na matatu zote, na dizeli kilomita 9 au 10 kwa lita ndiyo matarajio ya kweli. Lakini spea zake ziko katika kila duka, na hakuna fundi Malindi asiyezijua. Udhaifu wake ni hedi. Ikichemka mara moja tu, hedi hupasuka kati ya vali, na ufa huo hauonekani hadi hedi ifunguliwe na kupimwa kwa presha. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Hakuna karatasi ya kuthibitisha? Hesabu bei ya mkanda na kazi yake ndani ya bei ya gari.

Kisha kuna Vigo, ya 2005 hadi 2015, yenye 2KD (lita 2.5) au 1KD (lita 3.0). Hapa tunasema wazi: kwa gari la mkono wa pili, 2KD ni salama kuliko 1KD. Watu hulipa zaidi kwa 3.0 kwa sababu ya nguvu, ila 1KD ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Vikaushi vya shaba chini ya injekta huanza kuvuja, moshi wa mwako hupenya hadi kwenye oili, oili hugeuka gundi nyeusi, na gundi hiyo huziba wavu wa kufyonzea oili ulio ndani ya sampu. Presha ya oili hushuka, na injini hufa bila onyo la muda mrefu. Baadhi ya 1KD pia zimepasuka pistoni. Kwa hiyo ukiipenda 3.0, fanya mambo matatu. Fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie kwa tochi: masizi mepesi ni kawaida, lami ngumu iliyoganda si kawaida. Washa injini ikiwa baridi na utazame taa ya oili: ikichelewa kuzima zaidi ya sekunde tatu nne, kuna kitu. Na ikiwezekana, muuzaji akubali sampu ishushwe. Hiyo ni kazi ya saa chache tu, na wavu utasema kila kitu.

Mkanda wa taimingi wa 2KD na 1KD ni wa kilomita 150,000, na taa ya dashibodi humkumbusha dereva. Taa hiyo huweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo isichukuliwe kama ushahidi.

Revo, kuanzia 2015, zina 2GD (2.4) na 1GD (2.8), zinazotumia cheni badala ya mkanda. Ni gari nzuri. Angalia kama iliyo mbele yako ina kichujio cha masizi kwenye ekzosti, ile DPF. Kichujio hicho hujisafisha kwa safari ndefu ya moto. Gari linaloshinda kati ya soko, Shela na Maweni halifiki joto hilo, kichujio kinaziba, na taa zinaanza kuwaka.

Ukitaka kujua Hilux ilitengenezwa wapi, soma herufi tatu za kwanza za namba ya chesisi: AHT ni Afrika Kusini, MR0 ni Thailand.

Isuzu D-Max

D-Max huunganishwa Nairobi, kwa hiyo nyingi zilizoko sokoni zilinunuliwa mpya hapa hapa, na kumbukumbu zake za sevisi huweza kupatikana. Hilo peke yake ni sababu ya kuipa nafasi. Kwa kazi ya kubeba, maoni yetu ni kwamba D-Max ya lita 2.5 ndiyo inayorudisha pesa haraka kuliko zote katika orodha hii. Ekseli ya nyuma ni imara, springi hazilegei mapema, na ulaji wa dizeli ni mdogo: kilomita 11 hadi 12 kwa lita bila mzigo mkubwa ni jambo la kawaida.

Lakini jua injini. Zile za awali zina 4JA1 yenye turbo na pampu ya kawaida, na hiyo ndiyo ya kutafutwa na mtu wa mashambani. Mwenzake wa miaka hiyo, 4JH1 ya lita 3.0, ana pampu iliyobebeshwa kompyuta yake mgongoni. Dizeli mbaya na joto huimaliza, na bei ya pampu hiyo huumiza. Iepuke, ila kama pampu imeshabadilishwa na kuna risiti. 4JJ1 ya lita 3.0 iliyokuja baadaye ni injini nyingine kabisa: ina cheni ya taimingi, haina mkanda wa kukatika, na ikibadilishwa oili kila kilomita 5,000 hudumu sana. Sikiliza cheni asubuhi injini ikiwa baridi. Mlio wa kukwaruza kwa mbele unaotoweka ikipata moto unamaanisha cheni au kikazio chake kimechoka.

Kuna hitilafu moja ya 4JJ1 na 4JK1 inayowafanya watu kununua pampu bure. Gari linapandisha na kushusha mlio likiwa limesimama, au linazimika ukiachia akselereta, au linakosa nguvu ghafla halafu linarudi. Mara nyingi mkosaji ni vali ndogo inayodhibiti dizeli inayoingia kwenye pampu, SCV kwa midomo ya mafundi. Inafunguliwa kwa boliti mbili na kubadilishwa peke yake. Hilux, Navara na L200 za komoni reli nazo zina vali ya aina hiyo, kwa hiyo usikubali hukumu ya «pampu imekufa» kabla hiyo haijaguswa.

Mbele, D-Max za kizazi cha kwanza huchakaza boljointi za chini kwenye barabara za Marafa na Garashi. Inua gurudumu kwa jeki, litikise juu na chini. Mchezo wowote unaousikia mkononi ni pesa.

Nissan

Hardbody yenye TD27 ni gari la mtu mwenye pesa kidogo anayetaka kulala usingizi. Injini ni ya chuma kizito, taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wala cheni ya kufikiria, na pampu ni ya kawaida. Mwendo wake ni wa pole na kabini ina joto. Kutu hushika bodi yake haraka, lakini ni bodi, si lazima chesisi. Usimkatae Hardbody kwa mabati yaliyotoboka. Mkatae kwa chesisi.

Navara, ile ya D40 yenye YD25, hutazamwa kwa hamu kwa sababu inang'aa, ina nguvu na bei yake ya mkono wa pili huwa chini kuliko Hilux ya mwaka huo huo. Bei iko chini kwa sababu. Cheni ya taimingi ya matoleo ya mwanzo ilikuwa ya safu moja, hurefuka, huanza kupiga mluzi na kukwaruza, na kuibadilisha ni kufungua mbele yote ya injini. Flaiwili yake ni ya vipande viwili, kwa hiyo klachi ikiisha gharama ni mara mbili ya ulivyozoea. Na kubwa zaidi, chesisi: huko Uingereza Navara za D40 zilijulikana kwa kuoza na kukatika nyuma ya kabini, hadi Nissan ikalazimika kukagua, kurekebisha na hata kununua nyingine kutoka kwa wenyewe. Sasa fikiria chesisi hiyo Ngomeni. Kwa Malindi hatuipendekezi, na iliyotoka Uingereza ndiyo kabisa.

L200, na neno moja juu ya Ranger

L200 ya Mitsubishi yenye injini ya 4D56 ina mikanda miwili. Mmoja ni wa taimingi, wa pili mdogo ni wa shafti za kutuliza mtetemo. Huo mdogo ukikatika huangukia ule mkubwa, taimingi inaruka, vali zinagongana na pistoni. Wengi hubadilisha mmoja na kuuacha wa pili ili kuokoa pesa kidogo. Badilisha yote miwili na vikazio vyake kila kilomita 90,000. Ukipata L200 yenye chesisi safi na ushahidi wa mikanda, ni gari la raha na linapinda kona nyembamba vizuri. Bila ushahidi, mikanda iwe kazi ya kwanza kabla hujaiendesha kwenda popote.

Ford Ranger ya 3.2 ina nguvu kuliko zote hizi, isipokuwa spea zake huku si za kila duka. Jambo moja la kumwambia fundi: oili ikimwagwa ijazwe upya mara moja, kabla ya dakika 10 kupita. Ikiachwa idondoke kwa muda mrefu, pampu ya oili hukauka na injini inaweza kuwaka bila presha.

Land Cruiser 79

1HZ ni silinda sita, lita 4.2, bila turbo, pampu ya kawaida. Ndiyo injini inayobeba magari ya polisi, ya hospitali na ya miradi kutoka Garsen hadi Kiunga, na sababu si fahari. Ikikosa sevisi inavumilia. Ikipata dizeli ya pipa inalalamika na kuendelea. Land Cruiser hizi huunganishwa Mombasa, na spea zake ni za kudumu. Lakini inakula: kilomita 7 au 8 kwa lita, na kwenye mchanga ni chini ya hapo. Bei yake ya mkono wa pili nayo haishuki. Kwa mtu wa kubeba maembe kutoka Magarini hadi soko la Kongowea, hesabu haikubali. Kwa anayefanya kazi upande wa Baricho na barabara ya Sala Gate, au Tana Delta wakati wa masika, hesabu inakubali kabisa.

Mkanda wa taimingi ni kila kilomita 100,000. Ikiwa mtu ameifunga turbo ya nje, iache. Hedi na pistoni za 1HZ hazikutengenezwa kwa joto hilo. Angalia pia mafuta yanayovuja kwenye mafundo ya magurudumu ya mbele. Sili za mafuta za hapo zikichoka, grisi na oili ya difu huchanganyika na beringi hufuata.

Asubuhi ya kukagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ufike mapema. Gusa injini: ikiwa na joto, rudi kesho. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi uone kama maji yana utelezi wa oili au rangi ya kutu. Washa. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi usiokoma baada ya dakika moja ni nozeli, plagi za kupashia moto au kompresheni iliyoshuka. Mweupe wenye harufu tamu ni maji yanaingia kwenye silinda. Wa buluu ni oili. Mweusi ukikanyaga huweza kuwa filta ya hewa tu, kwa hiyo usiuogope kabla ya kuifungua.

Injini ikiwa imetulia, legeza kifuniko cha oili na ukiache juu ya tundu bila kukifunga. Kikirukaruka au kikisukumwa kando na hewa, ringi zimechoka. Kisha shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika mbili za kwanza, kabla maji hayajapata moto, presha ya mwako inapita kwenye gasketi au ufa wa hedi. Kwa 3L, 5L na 4D56 kipimo hiki kimoja kinatosha kukuokoa.

Kwa komoni reli, leta fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta. Kwa 1KD na 2KD, atazame marekebisho ya kila injekta injini ikiwa moto na imetulia: injekta inayovuka 3 juu au chini ya sifuri imeanza kuchoka. Bila mashine, kuna njia ya chupa. Chomoa mipira midogo ya kurudishia dizeli, elekeza kila injekta kwenye chupa yake ndogo ya ukubwa mmoja, acha injini izunguke dakika tano. Chupa inayojaa mbele ya wenzake imekuonyesha injekta mbovu, na injekta nne mpya zinaweza kula sehemu kubwa ya pesa ulizodhani umeziokoa.

4x4 ijaribiwe kwenye mchanga, si kwenye lami. Ingiza high, kisha low, piga kona hadi mwisho ukisikiliza mlio wa kukatika mbele. Tazama springi za nyuma pia: majani ya ziada yaliyoongezwa yanasema gari lilibebeshwa kupita kiasi. Tani moja ya mchanga mkavu ni debe 30 hivi tu, na mchanga wa Sabaki huja umelowa. Ukiona majani ya ziada, rudi chini ukague mashikio ya springi kwa nyufa.

Karatasi: tafuta taarifa za gari NTSA kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi. Utaona jina la mwenye gari na kama benki au mkopeshaji ameandikwa pamoja naye. Namba ya chesisi kwenye Hilux imegongwa kwenye boriti ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ikiwa imezungukwa na alama za kuchomelea au rangi mpya, simama hapo. Namba ya injini ifanane na logibuku; injini ikiwa ilibadilishwa, mabadiliko yawe yameandikishwa. Namba ya usajili nayo isikudanganye umri: KDA zilianza kutolewa 2020, na gari la 2013 liliweza kupata namba hiyo.

Ipi kwa kazi ipi

Samaki wa Ngomeni na kazi za chumvi: Hilux ya 5L au Hardbody ya TD27, kabini moja, ya bei ndogo, yenye chesisi nzima. Gari lolote litachakaa huko, kwa hiyo usizamishe pesa nyingi. Maembe, mananasi na matikiti kutoka ndani ya Magarini: D-Max ya 2.5, na 4x4 kama unapita wakati wa mvua. Safari za Mombasa, kilomita 120 kwenda, mara kadhaa kwa wiki: D-Max ya komoni reli au Hilux ya 2KD. Mchanga na mawe ya ujenzi: usinunue pikapu, tafuta lori dogo, kwa sababu mzigo wa tani mbili juu ya pikapu ya tani moja ndio unaozaa zile nyufa ulizokuwa ukizikimbia.

Kwa wa Lamu, gari litabaki bara, Mokowe, na kazi yake itakuwa Hindi, Mpeketoni na Witu. Lami ya kwenda Garsen imefupisha safari, ila ukitoka kando yake wakati wa masika udongo mweusi hauna mzaha, na spea nyingi bado zinaagizwa Malindi au Mombasa. Pampu ya kawaida, 4x4, na filta mbili za dizeli za akiba kwenye gari.

Ukishanunua, badilisha kila kitu cha majimaji bila kuuliza kilibadilishwa lini: oili ya injini na filta, ya giaboksi, ya difu zote mbili na transfa, maji ya rejeta pamoja na themostati. Filta ya dizeli ibadilishwe sasa na kila kilomita 10,000, na maji yaliyo chini yake yamwagwe kila mwezi. Osha chini kwa maji baridi ya mferejini, ukiingiza mpira ndani ya matundu ya chesisi hadi maji yatoke safi, liache gari juani siku mbili likauke, kisha nyunyiza ndani ya boksi mchanganyiko wa grisi na oili safi iliyopashwa moto kidogo, ukifunika diski, ngoma za breki na bushi za mpira. Rudia kila baada ya miezi sita. Kama unabeba samaki, osha bodi na upinde wa chesisi kila jioni, siku ile ile.